Rangi za Mbali na Swali la Mtoto

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa sababu wasikilizaji kadhaa waliomba kuyasoma kwa nafasi.)

Jioni ya leo nataka tutoke nje kidogo tuinue macho yetu juu. Lakini sitaanza na nyota. Nitaanza na kalenda iliyokuwa ukutani kwangu, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Rafiki mmoja alinipa kalenda yenye picha za mbinguni. Picha ya mwezi wa kwanza ilinivutia sana. Ilionyesha nguzo tatu ndefu za wingu, zimesimama kama vidole vya mkono, kingo zake ziking'aa mfano wa dhahabu, na nyuma yake kumetanda rangi ya buluu na kijani. Nikasoma maandishi ya chini nusu nusu, nikaona kwamba ilipigwa na darubini ya Hubble, ile inayozunguka dunia huko juu ya hewa. Hayo yakanitosha. Jumapili iliyofuata niliichukua kalenda hadi kanisani, nikaiinua mimbarini, nikasema, "Tazameni! Kijani hiki na dhahabu hii Mungu amezipaka kwa mkono wake, wala hakuna mwanadamu aliyezigusa rangi hizi." Watu wakaitikia Amina kwa sauti kubwa.

Baada ya ibada tulikuwa na kikao cha vijana, na wazee wengine walibaki kusikiliza. Msichana mmoja wa kidato cha pili akainua mkono. Akasema kwa adabu, "Mchungaji, mwalimu wetu alitufundisha kwamba rangi za picha ile ziliwekwa na watu. Pale penye kijani ni hidrojeni, na hidrojeni haing'ai kijani. Je, ni kweli hakuna mtu aliyezigusa?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema, "Sijui, binti yangu, nitatafuta." Maneno manne tu! Lakini nilikuwa bado nina utamu wa zile Amina masikioni. Nikamjibu, "Siku hizi watoto wakisoma vitabu viwili wanataka kumfundisha Mungu kupaka rangi." Watu wakacheka. Yule mtoto akaketi, akainamisha kichwa.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Baada ya ya tatu, nyanya yake, ambaye ndiye anayemlea, alifika nyumbani kwangu kwa miguu, fimbo mkononi, maana macho yake yameingia ukungu. Alikataa chai. Akasema, "Mchungaji, mtoto wangu alikuuliza swali, nawe ukampa aibu. Kama swali lake ni baya, mwonyeshe ubaya wake. Kama ni zuri, mjibu." Akainuka, akaenda zake.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nilimwendea mwalimu mmoja wa fizikia ninayemfahamu, nikamweleza yote. Hakunicheka. Alinipeleka jikoni kwake, akawasha jiko la gesi, moto ukawaka buluu. Kisha akanyunyizia maji ya chumvi kidogo. Palepale mwali ukageuka manjano. Nyinyi akina mama mmeyaona hayo mara nyingi, sufuria yenye chumvi ikifurika. Akaniambia, "Hiyo manjano ndiyo saini ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Kila kitu kikipashwa moto kikiwa gesi hutoa nuru ya rangi zake chenyewe, na hakiwezi kuiga za mwenzake. Kwa saini hizo watu hujua nyota na mawingu ya mbali yametengenezwa na nini, bila kuyafikia."

Akanisimulia habari ya Mwingereza mmoja, William Huggins. Mwaka 1864 alielekeza darubini yake kwenye wingu moja dogo la mviringo, akaipitisha nuru yake katika kioo kinachopasua nuru kama mvua inavyoipasua kuwa upinde. Kama lingekuwa kundi la nyota, angeona upinde mzima. Yeye aliona mistari michache tu, na uliong'aa kuliko yote ulikuwa wa kijani. Ndipo akajua kwamba lile ni wingu la gesi inayowaka. Lakini mstari ule wa kijani haukulingana na kitu chochote kilichojulikana duniani. Watu wakasema ni kitu kipya, cha mbinguni tu, wakakipa na jina. Ilipita miaka zaidi ya 60. Mwaka 1927, Mmarekani Ira Bowen alionyesha kwamba kitu hicho kipya hakipo. Ni oksijeni, hewa ileile tunayovuta kifuani, ila huko imetawanyika mno, kuliko tunavyoweza kuitawanya kwa urahisi hapa duniani. Kwa hiyo hutoa nuru ambayo hapa kwetu huzimwa kabla ya kutoka. Wenye elimu walikuwa wamelipa jina jambo wasilolijua, kisha wakakubali kusahihishwa. Nilipoyasikia hayo, nilijiona mdogo.

Basi tuirudie ile kalenda. Picha ile ilipigwa mwaka 1995, na walioitengeneza ni Jeff Hester na Paul Scowen wa chuo kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani. Nguzo zile ziko katika wingu liitwalo Tai, umbali wa miaka ya nuru karibu 6,500. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa kila sekunde moja, hata hivyo nuru iliyoingia katika kamera ile ilikuwa imesafiri miaka 6,500. Nguzo iliyo ndefu kuliko zote ina urefu wa miaka ya nuru kama minne.

Je, umbo lile limetoka wapi? Umewahi kuona mlima uliomomonyoka baada ya mvua kubwa. Udongo wote umechukuliwa, lakini palipokuwa na kijiwe, pamebaki kinguzo cha udongo, na kijiwe kimekaa juu yake kama kofia. Kule nako ni vivyo hivyo. Karibu na wingu lile kuna nyota changa zenye joto kali sana, na nuru yake inalila wingu na kuliondoa kidogo kidogo. Lakini pale gesi na vumbi vilipojikusanya na kushikamana, pamestahimili, na kilicho nyuma yake kimepata kivuli. Ndivyo nguzo zilivyosimama. Na ndani ya mashikamano hayo nyota nyingine zinazaliwa.

Sasa rangi. Kamera ya Hubble haikupiga picha moja yenye rangi. Ilipiga picha kadhaa zisizo na rangi, kila moja kupitia kichujio kinachoruhusu nuru ya gesi moja tu: salfa, hidrojeni na oksijeni. Kisha wataalamu wakaipa salfa rangi nyekundu, hidrojeni kijani, na oksijeni buluu, wakaziweka pamoja. Kwa nini hawakuacha rangi zake? Kwa sababu nuru ile ya hidrojeni ni nyekundu, na ya salfa pia ni nyekundu. Jicho lisingeweza kuzitenganisha. Waliwapa ndugu wawili wanaofanana mashati tofauti, ili tuwatambue. Wala hawakuficha. Walieleza waziwazi, na hata kalenda yangu ilieleza, katika yale maandishi niliyoyasoma nusu nusu.

Nikamwuliza mwalimu, "Basi picha ile ni ya uongo?" Akaniuliza, "Ramani ya Afrika iliyo darasani mwetu, Kenya ni ya rangi gani?" Nikasema, "Ya waridi." Akasema, "Umewahi kuuona udongo wa waridi nchi nzima? Ramani haisemi uongo, maadamu unajua rangi zake zina kazi gani." Ndipo nilipotambua kwamba uongo ulikuwako kweli, lakini haukuwa ndani ya picha. Ulikuwa mimbarini. Niliongeza neno langu juu ya kazi ya Mungu, nikalitia sahihi yake.

Msikilizaji mpendwa, huenda unajiuliza, kama rangi za picha ziko hivyo, je, mbinguni hakuna rangi kabisa? Ziko, tena nyingi. Nataka nikutajie mambo matatu ambayo unaweza kuyatafuta wewe mwenyewe, na hasa miezi ya Desemba hadi Machi, usiku usio na mwezi.

Jambo la kwanza ni wingu linalowaka lenyewe. Tazama nyota tatu zilizopangana mstari ulionyooka, ambazo kwetu hupita karibu na utosi. Hizo ni za Orioni. Upande wake mmoja iko nyota yenye wekundu, Betelgeuse, na upande wa pili iko nyeupe yenye buluu kidogo, Rigel. Rangi hizo ni zake kweli, hakuna mtu aliyezigusa. Mhunzi anajua: chuma kikipata moto huwa chekundu kwanza, kikizidi joto huelekea weupe. Hali kadhalika nyota nyekundu ina joto dogo kuliko jua letu, na ile ya buluu ina joto kubwa zaidi. Kusini ya zile tatu utaona vinyota vidogo vimeshikana, na cha katikati kina ukungu. Hilo ndilo wingu la Orioni, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300, nalo linawaka kwa sababu nyota changa zilizo ndani yake zimelichochea.

Jambo la pili ni wingu lisilo na nuru yake, ila linaakisi ya wengine. Mbele ya Orioni hutangulia Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho wazee wetu walikitazama ili kujua majira ya kulima. Kamera zikikitazama kwa muda mrefu, huona ukungu wa buluu umezizunguka nyota zake. Ni vumbi tu. Vumbi hilo haliwaki. Linapokea nuru ya nyota na kuitawanya, na buluu hutawanyika zaidi, kama ilivyo katika anga letu la mchana. Vumbi tupu, lakini likikaa karibu na nuru, linapendeza macho.

Jambo la tatu ni wingu la giza. Karibu na nyota moja katika zile tatu za Orioni, kuna umbo la kichwa cha farasi. Huwezi kuliona kwa macho. Nyuma yake imetanda gesi nyekundu ya hidrojeni, na mbele yake limesimama vumbi zito linaloiziba. Hatulioni farasi kwa nuru yake. Tunalijua kwa nuru inayokosekana.

Na aliyeligundua ni nani? Alikuwa mwanamke, Williamina Fleming, aliyezaliwa Scotland mwaka 1857. Alikwenda Marekani na mumewe, akaachwa huko akiwa mja mzito. Akapata kazi ya nyumbani kwa Edward Pickering, mkuu wa kituo cha nyota cha Harvard. Pickering akaona ana akili, akamwajiri kituoni mwaka 1881, kazi yake kuchunguza vioo vya picha za nyota. Katika kioo kimoja cha mwaka 1888 aliona pengo la giza katika wingu lenye nuru, akaliandika. Lakini orodha kubwa ya mawingu ilipochapwa miaka michache baadaye, jina lake halikutajwa. Iliandikwa kwamba mgunduzi ni Pickering. Baadaye heshima yake ilirudishwa, na leo vitabu vinamtaja. Hata hivyo fikiri, ndugu: mama yule aliona sawasawa, na jina likawekwa la mwingine kwa sababu alikuwa mkubwa.

Nilipoisikia habari hiyo, nilimwona yule msichana ameinamisha kichwa.

Kitabu cha Ayubu kinataja Kilimia na Orioni kwa majina. Lakini kuna jambo jingine katika kitabu hicho ambalo sisi wahubiri twalipita haraka. Rafiki zake Ayubu walikuja kumtetea Mungu. Walisema maneno mazuri, yenye kuitikiwa Amina. Na mwisho wa kitabu ni nani aliyekemewa? Si Ayubu aliyeuliza maswali mazito. Ni wale rafiki, waliosema juu ya Mungu yasiyokuwa sawa. Mungu hakuhitaji kutetewa kwa maneno ya kubuni. Wala nyota zake hazihitaji kupambwa na mhubiri.

Jumapili iliyofuata nilikwenda na kalenda tena. Nilikuwa nimetuma salamu kwa nyanya, nikimwomba aje na mjukuu wake. Walikuja, wakakaa nyuma kabisa. Nikaiinua picha mahali palepale, nikasema, "Jumapili ile niliwaambia kwamba hakuna mwanadamu aliyezigusa rangi hizi. Sikusema kweli. Binti huyu aliuliza swali la haki, nami nilimjibu kwa dhihaka mbele yenu. Kwa hiyo mbele yenu naomba anisamehe." Safari hii hakuna aliyeitikia Amina. Kulikuwa kimya. Mzee mmoja wa kanisa alinitazama kama mtu aliyevua viatu mahali pasipofaa. Baadaye aliniambia faraghani kwamba mchungaji asijishushe mbele ya watoto, asije akapoteza heshima. Nikamjibu kwamba heshima ile ilikuwa imekwisha potea wiki tano nyuma, nami nilikuwa naitafuta.

Msichana hakusema neno siku ile. Lakini wiki iliyofuata alikuja na darubini ndogo ya mkononi aliyoazima kwa mwalimu wake, akaniomba ruhusa awaonyeshe vijana wingu la Orioni baada ya maombi ya jioni. Tulitoka uani, taa zikazimwa. Kila mmoja akatazama kwa zamu. Wengi walivunjika moyo kidogo. Kijana mmoja akasema, "Mbona halina rangi? Naona kama moshi tu."

Msichana akawaeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Alisema, "Tazameni leso ya nyanya. Mchana ni nyekundu. Sasa, gizani, ni rangi gani?" Kweli, ilikuwa kijivu. Akasema macho yetu yana sehemu mbili za kuonea: moja inayojua rangi lakini inataka nuru nyingi, na nyingine inayotumika gizani ambayo haijui rangi. Wekundu wa wingu lile upo, lakini ni hafifu mno kwetu. Kamera hukaa ikilitazama kwa muda mrefu, ikikusanya nuru kama mtu anayekinga maji ya matone kwenye debe. Sisi hatuwezi kukusanya, twaona tone moja moja.

Akawaeleza pia habari ya darubini mpya, Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi ya mwaka 2021. Mwaka 2022 ilizipiga picha nguzo zilezile za kalenda kwa nuru ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona kabisa, jamaa ya lile joto unalolisikia usoni ukikaa mbele ya makaa. Nuru hiyo hupenya vumbi, kwa hiyo pale ambapo picha ya kwanza ilionyesha giza, picha ya pili inaonyesha nyota nyingi changa. Nguzo ni zilezile. Kilichobadilika ni jicho.

Mwisho akamwita nyanya yake. Bibi yule alishika darubini kwa mikono miwili, mjukuu akimwelekeza. Alikaa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi na macho yangu haya, naona moshi tu." Msichana akamwambia, "Nyanya, moshi huohuo ndio sote tunaouona." Bibi akacheka, na sote tukacheka pamoja naye, lakini hicho kilikuwa kicheko kingine kabisa, si kile cha Jumapili ile.

Wapendwa, sitaongeza mengi. Wewe mzazi, wewe mwalimu wa shule ya Jumapili, wewe mzee wa kanisa: siku moja mtoto atakuuliza swali ambalo hulijui. Usimfukuze kwa kicheko. Yamkini ameona vizuri kuliko wewe. Sema "sijui", kisha nendeni pamoja mkatafute. Mungu aliyeziumba nyota hakasiriki tukiuliza zimeumbwaje. Na wewe kijana uliyewahi kuaibishwa kwa ajili ya swali, usiende zako moja kwa moja. Walioaibisha walikuwa watu, nao ni vumbi, ila wakikaa karibu na nuru hata wao wanaweza kubadilika.

Tuombe. Ee Mungu wetu, uliyeviumba vinavyoonekana na visivyoonekana, utusamehe pale tuliposema kwa jina lako yale tusiyoyajua. Utupe ulimi wa kweli na masikio ya kuwasikiliza walio wadogo. Wale walioondoka kwa sababu ya dhihaka yetu, uwarudishe, nasi utupe moyo wa kuwaomba radhi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia usiku mwema. Na kama mawingu ya mvua hayajafunika kwenu, tokeni nje kidogo kabla ya kulala.